Daftari la Kisima

Mkono wangu si wa hati nzuri.
Niliishia darasa la sita, hapa hapa Mbuta,
lakini waliponikabidhi daftari na kufuli
niliapa: tone halitoki bila jina.

Mtungi shilingi tano.
Mja mzito hapangi foleni.
Pampu ni saa tatu mpaka saa tisa, basi.
Kisima cha Pwani ukikivuta kwa pupa
bahari hupenya chini kwa chini
ikakunywesha chumvi ya ulafi wako.
Hilo tulijifunza kwa ndimi zetu,
mwaka ule chai ilipokataa sukari.

Wafadhili walipiga picha, wakaenda.
Waliacha kibao, na namba ya simu
ukiipiga inaita mpaka inachoka.

Mwezi wa Shaabani akafariki Mwatela.
Mesalimu alinijia usiku, kanga ya kilio kichwani:
"Shoga, nikopeshe za kisima. Sanda na mchele tu."
Mkebe ulikuwa chini ya kitanda changu,
elfu kumi na nne, mia mbili na kumi.
Nilimpa mia tatu zangu, na kuku wawili.
Mkebe sikuugusa.

Mtaa haukunisema; ulininyamazia,
na hilo ni zito kuliko mtungi kichwani.
Mume wangu aliuliza mara moja:
"Kati ya maiti na maji, kipi kisichongoja?"
Sikuwa na jibu. Sina hata leo.

Siku ya kumi na tisa pampu ikakohoa, ikazima.
Nyamvula, mshona nguo tuliyempeleka mafunzo wiki mbili,
akaja na spana, akapandisha bomba moja moja,
akatuonyesha kidude cheusi cha mpira
kimechanika, kidogo kama sikio la paka.
"Hiki. Na shafti."
Akavuka feri hadi Mwembe Tayari,
akarudi na risiti: elfu kumi na tatu, mia tisa.
Mkebeni zikabaki mia tatu na kumi.

Alasiri maji yakaja, kwanza ya kutu,
kisha maangavu. Watoto wakapiga kelele.
Mimi nikafungua ukurasa mpya.

Mesalimu alifika wa mwisho.
Akaweka mtungi, akaweka sarafu,
hakunisalimu.
Nikaandika jina lake herufi kwa herufi,
nikamsaidia kujitwisha.
Hatua tatu, akasimama. Hakugeuka.
"Zamu ya kufagia kisimani kesho,
ni yangu au yako?"

Nikafungua daftari,
ingawa nilijua.