Cheti Kimeandikwa Ruka

Kifurushi cha usiku huanza saa sita.
Ndipo nami huanza, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
mgongo ukutani, simu juu ya mtungi,
maana mtandao chumbani mwangu hukaa juu ya mtungi tu;
ukiishusha simu kitandani, mwalimu anaganda
mdomo wazi, kama aliyesahau jina la ugonjwa.

Miezi saba ya tiba mbadala. Ada kwa awamu tatu,
awamu ya pili ilikuwa cherehani ya marehemu mama.
Kaka yangu Mhando alicheka hadi akakohoa:
"Unalipa ufundishwe kivumbasi,
na kivumbasi kimeota nyuma ya choo?"
Sikumjibu. Nilikuwa nakariri jina lake la Kilatini,
refu, limejaa meno.
Asubuhi nikapita pale na ndoo yangu
nikakisalimia kwa jina hilo.
Hakikutikisika.

Lakini kupima nilijifunza.
Si konzi tena, si "kiasi".
Nina mizani ya sonara, ya kuazima,
na daftari la safu nne:
nani, lini, kipimo, akaonaje.

Nikajifunza na neno "sijui",
sura ya tisa, isiyo na swali kwenye mtihani.
Wenzangu wa darasa waliandikiana: ruka hiyo.
Mimi nilikuwa nimebakiza dakika arobaini za kifurushi,
na kifurushi hakilali.
Nikaisoma.

Cheti nilikichapisha stesheneri kwa Chambo,
rangi, karatasi ngumu, elfu mbili.
Mhuri wa dhahabu. Na jina: RUKA SEMBOJA.
Herufi moja imedondoka njiani.
Nikawaandikia. Wakajibu: marekebisho yana malipo.
Nikakibandika hivyo hivyo mlangoni,
na wapitao wakawa wanauliza,
"Uruke uende wapi, Rukia?"

Mteja wa kwanza hakusoma cheti.
Mwajabu, wa nyumba ya geti la bluu,
siku ya kumi na moja tangu ajifungue,
mguu umevimba, mmoja tu,
wa moto ukiugusa.
"Nisugue na yale mafuta yako ya mkaratusi."
Kiganjani alikunja noti ya elfu tano,
elfu tano ya kwanza ya kazi yangu.
Niliiona kona yake.

Nikasema, sisugui.
Nikasema, Bombo, sasa hivi, na usitembee.
Bajaji nikaita mimi, nauli nikatoa mimi,
na mama mkwe wake akabaki kibarazani kwangu:
"Mganga gani huyu, asiyegusa mgonjwa?"

Yuko wodini bado. Wanamchoma sindano za tumbo.
Nimefungua daftari:
Mwajabu. Jumanne. Kipimo: hakuna.
Safu ya mwisho nimeiacha wazi.

Kisha, wino ukiwa haujakauka kalamuni,
nikapanda kigoda pale mlangoni
nikajirudishia i yangu.