Njiwa Aliyefika Jana

Saa tatu usiku, Bytom. Theluji imegeuka tope.
Nimevua sare ya tramu, soksi zinakauka juu ya jiko,
na kompyuta aliyoiacha Kacper alipohamia Norwe
iko wazi mezani, kando ya sahani ya viazi.
Herufi E imeng'oka. Pale ilipokuwa
nadonoa kwa ncha ya kalamu.

Nina miaka hamsini na mmoja.
Ishirini na miwili nimeendesha chuma juu ya chuma,
kona zote nazijua kwa makalio.
Leo niko darasa la kwanza tena:
nukta mkato moja nimeisahau
na ukurasa mzima umeninunia.

Sikuja huku kwa kiu ya elimu, nisikudanganye.
Nilikuja kwa sababu ya makaa ya mawe.
Bei ya tani ilipanda, mshahara ukabaki chini
ukiitazama, kama mbwa anavyomtazama paka juu ya ukuta.
Dada yangu Gertruda alicheka hadi akashika ubavu:
"Rozalia! Sindano yenyewe nakutungia uzi mimi!"

Wiki ya nne nikafundishwa neno *ikiwa*.
Ikiwa hivi, basi vile; vinginevyo, vile vingine.
Nikacheka peke yangu jikoni.
Si ndiyo kazi yangu hiyo?
Ikiwa mlango haujafunga, basi ngoja.
Ikiwa mlevi amelala hadi kituo cha mwisho,
basi mwamshe taratibu, naye ana mama yake.
Hili la mwisho mashine ililikataa.

Mzunguko ndio ulionitoa jasho.
Niliandika mmoja usiojua kusimama,
kompyuta ikavuma, ikapata moto
hata paka akahama jiko akaja kuilalia.
Sikuizima upesi. Nilikaa nikiitazama:
kwenda, kurudi, kwenda, kurudi,
na mimi nina zamu alfajiri.

Kisha Achim, jirani wa ghorofa ya juu,
mchimbaji mstaafu, kifua chake kinapiga mluzi.
Anafuga njiwa wa mashindano darini.
Kila Jumapili yeye na wenzake kumi
hugombana juu ya karatasi moja,
umbali ugawanye kwa dakika, kifutio kimekwisha,
na wawili kati yao hawasalimiani tangu mwaka juzi
kwa ajili ya sekunde tisa.
"Hicho kidude chako," akaniuliza ngazini, "kinajua kugawanya?"

Majuma matano.
Nikaifungua mbele yao wote, mikono baridi,
nayo ikamtangaza mshindi, jike la kijivu la mzee Paulek,
safari yake: saa saba, hasi.
Achim akahesabu kwa vidole. Wameachiwa saa kumi na mbili asubuhi.
"Basi huyu," akasema, "amefika jana, saa tano usiku."
Kimya. Kisha Paulek, polepole:
"Siku zote nilisema ni ndege mzuri."

Nilikuwa nimetoa mwisho kutoka mwanzo.
Kosa la mtoto. Nililigeuza usiku uleule,
nikalijaribu kwa mashindano ya miaka mitatu
mpaka madirisha yakaanza kupauka.

Wakanipa bahasha yenye harufu ya punje na manyoya:
zloti mia tatu. Magunia manane ya makaa.
Niliyapanga chini, nikayahesabu,
nikapanda, nikashuka, nikayahesabu tena.
Gertruda akaja, akaketi karibu na jiko,
akanyoosha miguu. Hakucheka.
Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu,
duka lake la mashada ya mazishi, maagizo yote yale ya Novemba,
je, nalo laweza?

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, giza bado.
Milango nimefunga. Kwenye kioo cha pembeni
mwanamke anakimbia, kamba ya kiatu inaburuta topeni.
Ratiba haina shaka: ikiwa muda umefika, basi.
Kidole kiko juu ya kitufe.
*Vinginevyo*, nasema kwa sauti, ndani ya tramu tupu.
Vinginevyo.