Sentimita Kumi

Karatasi ya Mwalimu Woniala ilikuwa na vipimo vitatu:
urefu, mita tano;
kimo, mita moja na robo;
upana, sentimita kumi.
Nikamuuliza, kalamu imeteleza hapa?
Mimi ni fundi wa madawati, milango
na majeneza, ambayo wateja wake hawajarudi kulalamika.
Hata maiti humpa nafasi zaidi ya hiyo.

Akasema, wewe tengeneza.

Nikachagua mvule uliokauka miaka minne,
nikaupiga randa hadi ukawa shavu la mtoto,
tukaubeba watu sita mpaka ghala la zamani la kahawa
nyuma ya Barabara ya Naboa.
Kuta bado zilinukia arabika,
na magunia ya makapi ndiyo yalikuwa magodoro.

Nikabaki mlangoni nimwone atakayepanda.
Kikaja kitoto cha miaka minane, Nabifo,
viganja vyeupe kwa chaki ya shule iliyosagwa.
Kikaparamia boriti yangu kama mjusi,
kikasimama kwa mguu mmoja,
kikanitazama mimi, wala si chini.

Huku kwetu Mbale, mwaka wa shufwa,
ngoma za kadodi huteremka kutoka Wanale
na mvulana husimama mbele ya kisu.
Asitikisike. Asipepese.
Ukoo mzima unahesabu kope zake.
Mara moja tu maishani, na tunamwita mwanamume.
Nabifo alisimama vile kila jioni,
bila ngoma, bila ng'ombe wa kuahidiwa,
mpaka umeme ukatike,
na ukikatika, kwa taa ya pikipiki ya mwalimu:
Vidole, Nabifo. Nyoosha vidole. Tena.

Nilikuwa nakwenda kukaza skrubu.
Ndivyo nilivyosema nyumbani.
Mke wangu akasema boriti hiyo
ina skrubu nyingi kuliko daraja la Jinja.

Ana miaka kumi na sita akapelekwa Kairo,
vazi lake limeshonwa na shangazi kwa kitambaa cha pazia.
Aliporudi alinisimulia: boriti ya huko
imevishwa ngozi, ina uhai ndani,
ukiikanyaga inakurudishia mguu.
Yangu haikuwahi kumrudishia kitu.
Alisema bila lawama. Nilikaa na neno hilo mwezi mzima.

Wahenga walinena, kuteleza si kuanguka.
Waamuzi hawakuwasikia.
Kuteleza, wanakata nusu alama;
kuanguka, alama nzima;
goti likipinda kidogo, wanaandika.
Kisha kano ya kisigino ikakatika.
Alidhani mtu amebamiza mlango.
Mwaka na miezi mitatu alipanda ghalani kwa mikono tu,
akining'inia kwenye fito, mguu umefungwa kama kifurushi cha posta.

Pretoria sikwenda. Niliona kwenye simu ya mwalimu,
picha ikikwama kila alipopaa:
Nabifo hewani, kichwa chini,
Nabifo hewani bado,
nami nimeshika ukingo wa meza kana kwamba ndiyo itamshusha.
Akatua. Akasimama.
Wa saba.
Mbale siku hiyo watu waliuza nyanya kama kawaida.

Juzi amekuja karakanani. Ana miaka ishirini na tano,
asubuhi anachechemea, mchana anasahau.
Akasema, Fundi, kata miguu.
Moyo ukanidondoka.
Ya boriti, akacheka. Ifike magotini mwa watoto.
Nina kumi na wawili. Wawili wanalia wakipanda.

Nimekata, nimepiga msasa, nimesawazisha.
Watu walipoondoka nikavua ndara,
nikapanda, mzee mzima, shubiri mbili kutoka sakafuni.
Hatua ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu nimo kwenye makapi, chali,
kahawa puani, paa la mabati juu,
nikijiuliza mtoto yule alikuwa akitazama nini
alipokuwa akinitazama mimi.

Skrubu ya mguu wa kushoto naona imelegea.
Kesho nitakwenda kuikaza.