Karani wa Mizani

Miaka kumi na mmoja nimekaa Konde,
kituo cha karafuu, meza ya bati, kalamu ya kufungwa na uzi.
Gunia likipanda, sindano inatetema,
inatafuta, inatafuta,
kisha inatulia.
Naandika: Faki Shaame, kilo arubaini na mbili, daraja la pili.
Mwenyewe anahesabu fedha zake mara tatu, anakwenda.
Sindano yangu mimi
haijapata kutulia.

Baba akitaka niwe mwalimu wa hesabu.
Nilikwenda, nikarudi.
Mama akanambia nivuke Unguja nikauze simu Darajani;
nikarudi na deni la nauli ya meli.
Mtaani hawakunisema sana.
Walisema tu, "Yule? Basi,"
na ile basi
hapana mizani ya kuipimia.

Ukaja mwaka wa mavuno makubwa.
Vibaraza, viwanja, hata ukingo wa lami
umeanikwa karafuu,
na kisiwa kizima kinanuka kama nguo za bibi harusi.
Jioni nikishafunga daftari
navua viatu, naingia majamvini kwa shangazi Bikombo
kugeuza karafuu kwa miguu:
buruta, buruta, piga kisigino,
buruta, geuka.
Zilizokauka zinakwenda chini,
mbichi zinapanda kutazama jua.
Nilikuwa nahesabu tu moyoni.
Nahesabu nini, sijui.

Raya, mtoto wa dada, miaka sita,
kakalia kinu kilichopinduliwa, mdomo mwekundu kwa ubuyu.
"Mjomba, utageuza saa ngapi? Unacheza tu."
"Sichezi."
"Unacheza. Mguu huu unauita ule,
na ule unajibu kwa jeuri."
Nikasimama.
Karafuu zimenikwama baina ya vidole.

Kumbe mtu aweza kukitafuta kilicho chake
skuli, melini, Darajani,
naye anakikanyaga.

Usiku ule nikakata miaa, nikasuka misewe.
Wa kwanza ulipasuka.
Wa pili bubu.
Wa tatu ulikohoa kama mgonjwa wa pumu.
Shangazi akauliza chumbani, "Nani anasukasuka usiku huu?"
"Mimi."
"Wewe nani?"
Swali la usingizini, lakini nililikalia
mpaka adhana ya alfajiri,
na mbegu mkononi.

Harusi ya Wingwi nikaenda na misewe yangu mfukoni.
Kombo Machano, mwenye ngoma, akanitazama toka kofia hadi kucha:
"Karani! Umekuja kupima pilau?"
Watu wakavunjika mbavu.
Nikajifunga pembeni, gizani, nyuma ya wapambe.
Buruta, buruta, piga kisigino,
chwa.
Buruta, geuka,
chwa.
Ngoma ikanyamaza.
"Hatua hiyo ya wapi?"
"Ya jamvini kwa shangazi."
"Irudie."
Nikairudia, jasho linaniingia machoni.
Akafumba macho, akagonga ukingo wa ngoma kwa kidole kimoja,
akatikisa kichwa:
"Nzuri. Ila umepunja."

Umepunja!
Miaka kumi na mmoja sijampunja mkulima hata konyo,
wazee wa Konde nzima ni mashahidi wangu,
leo naambiwa mbele ya watu nimepunja,
na ni kweli.
Nusu ya pigo nilikuwa naizuia gotini,
naificha,
kama mtu anayeficha noti chini ya godoro
huku watoto wake wanalala na njaa.

"Itoe," akasema Kombo.
Nikaitoa.
Nilianguka, usinicheke. Nilianguka juu ya sahani za halua.
Nikainuka na ufuta mgongoni, nikaendelea,
na vijana wawili wa Micheweni, siwajui hata majina,
wakaingia nyuma yangu wakiiga
hata kule kuanguka.

Kazini bado nipo. Gunia linapanda, naandika.
Ijumaa baada ya sala nawafunza watoto uwanjani,
Raya akiwa msimamizi, na ubuyu wake, na jeuri yake.
Na sindano inapotafuta, inapotafuta,
wakulima husikia kitu chini ya meza,
chwa,
hutazamana,
wakadhani kituo kimeingia panya.