Buti za Verlin

Usiku wa kwanza alilala na buti zake.
Nilizisikia nyuma ya pazia la kabini,
ngozi ikisugua ngozi kila nilipogusa breki,
na mimi huku mbele, miaka arobaini na saba,
kumi na tisa kati yake nikiwapikia watoto wa shule kule Gering,
sasa nimekumbatia usukani mpana kama sinia,
pauni elfu arobaini na tatu za viazi zikinipumulia kisogoni.

"Jikoni," aliniita. Jina langu, Nadine, hakulitaka.
"Wewe huliendeshi lori. Unaliomba ruhusa."

Somo la kurudi nyuma ni somo la kinyume:
ukitaka mkia uende kushoto, kichwa kipeleke kulia.
Akili ilikubali, mikono ikagoma.
Kwenye ghala moja pale Ogden
trela ilijikunja kama mtoto aliyesusa,
madereva sita wakaacha kahawa zao kunitazama,
mmoja akalisogeza lori lake mbali nami,
polepole, kwa adabu.
Verlin alitafuna karanga.
"Shuka uangalie."
Nikashuka. Kati yangu na nguzo zilibaki futi mbili.
"Umeona? Haya, panda."

Maneno yake yalikuwa hayo mawili, na karanga.
Shuka uangalie kabla ya kuamini kioo.
Shuka uangalie kabla ya kusema trela imeshika
eti kwa kuwa umesikia kishindo.
"Kishindo si ushahidi, Jikoni.
Mlango wangu nao ulifungwa kwa kishindo,
nikadhani mke wangu yumo ndani."
Kisha akaniomba nimpitishie chumvi,
na hatukulizungumza tena.

Wyoming upepo haupiti, umehamia.
Tulikuwa watupu kuelekea Rawlins,
ukatusukuma kando shubiri moja, shubiri mbili,
kama mtu anayetaka kukaa mahali pako.
Kabla ya daraja, trela ya mwenzetu ililala ubavu,
gurudumu moja likizunguka bado, bila haraka.
Kijana wake alisimama kwenye nyasi
kofia mkononi, kama aliyefika msibani.
Verlin naye akavua yake.
Sikuuliza. Nilipunguza mwendo.

Kwenye mizani nilijifunza kuwa uzito si kiasi tu,
ni mahali ulipokaa.
Hilo nililijua kitambo:
sufuria ileile, mkono huu haiumi,
mkono ule inakuvunja.

Waliokiita kilima kile Kabichi hawakuwa na haya.
Oregon, alfajiri, ukungu mzito kama uji,
na barabara inateremka, inapinda, inateremka tena.
"Gia utakayoshuka nayo ichague ukiwa juu," alisema.
"Katikati hakuna duka la gia."
Nikachagua. Nikakosea kidogo tu.
Nikakanyaga breki mara moja zaidi ya ilivyofaa,
ikaja harufu ambayo kila mpishi anaijua,
ya kitu kinachoungua na hakijasema.
Verlin hakunyoosha mkono kushika usukani.
Nilisikia karanga zimenyamaza, basi.
Tulipofika chini, karibu na Pendleton,
nilitapika nyuma ya tairi la kulia,
nikanawa kwa maji ya chupa,
nikazunguka lori zima nikigonga matairi
bila kuambiwa.
Nilipopanda, alinipa karanga mkononi.
Zilikuwa nne.

Usiku wa ishirini na sita tulikuwa tumeshapita North Platte,
theluji nyepesi ikija taani kama unga uliopeperuka,
shehena ya karatasi, barabara nyeusi,
mikono yangu haina habari na mimi.
Nilishuka gia moja kumpisha mwenye haraka zake.
Nyuma ya pazia kitu kizito kikaanguka sakafuni.

Kishindo si ushahidi, najua.
Nikatazama mbele. Nikasubiri.

Kikaja cha pili.