Kumbukumbu za Kikao cha Machi

Nimeajiriwa kuandika yaliyosemwa,
si yaliyonyamaziwa. Basi naandika:
chumba mia mbili na nne, jengo la serikali ya jimbo;
nje baridi imeing'ata bendera, imekauka kama ubao;
ndani kahawa ya vikombe vya karatasi, watu kumi na wanane,
akidi imetimia.

Bi Ardys Tollefsrud, mkuu wa mifumo ya jimbo,
anafungua kwa swali moja: "Tuna seva ngapi?"
Barabara wanawatazama Magereza.
Magereza wanawatazama Mifugo.
Mifugo wanafunua daftari, wanalifunika.

Miaka thelathini kila idara imepika jikoni mwake,
mafiga yake, chumvi yake, ufunguo wake wa ghala.
Uvuvi wamebandika nywila chini ya kibodi.
Ushuru wana mkataba na kampuni iliyokwisha kufa;
hulipa kila Januari, na marehemu hupokea.
Sasa sheria mpya yasema: jiko moja.
Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyeleta kuni.

Ajenda ya nne.
Kijana wa ukaguzi, Tate Schoenrock, ameikuta moja
kwenye stoo ya Wanyamapori, chini ya ngazi,
nyuma ya sanduku la pembe za kulungu.
Rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Feni inakohoa.
Haimo orodhani, haina mwenyewe, haina bajeti,
na taa yake ya kijani inapepesa
kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

"Inafanya nini?"
"Inafanya kazi," akajibu Tate,
akaona haya, maana alichokijua ni hicho tu.

Hoja: izimwe. Ikaungwa mkono. Waliafiki kumi na saba.
Wa kumi na nane alikuwa anakoroma; hilo sikuliandika.

Ilizimwa Jumatano, saa nne asubuhi.
Wiki ya pili simu ikalia mapokezi:
mama mmoja wa kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada,
anauliza kwa upole, kama anayerudisha sahani ya jirani,
barua yake ya hundi imepotelea wapi.
Barua gani? Jina lake halijui. Ile ya kila mwezi,
tangu mgodi wa makaa ulipommeza mumewe.
Akapiga mwingine. Hadi jioni
walikuwa thelathini na mmoja.

Aliyeiandika programu ile ni Lyle Oksendahl,
na Lyle yuko nyumba ya wazee, maili tisini.
Bi Ardys aliendesha gari mwenyewe,
mimi pembeni na kalamu, theluji ikivuka barabara
kwa miguu yake, haina haraka.

Binti yake amemshika mkono; yeye anamwita nesi.
Lakini tulipoitaja mashine, akainuka mtoni:
"Idara yangu haikuwa na nafasi. Wanyamapori walinipa kona.
Niliwaambia ni ya wiki mbili."
Kisha akaanza majina. Wajane wote, kwa alfabeti,
mji na sanduku la posta,
Aasen, Bakken, Dvorak,
akafika herufi ya M, akakwama,
akarudi Aasen.
Binti alikuwa analia. Nilikunja daftari.
Jimbo zima lilikuwa limehifadhiwa pale,
kwenye kichwa kimoja kinachovuja.

Kikao cha Aprili, azimio la kwanza:
mashine iwashwe, ipewe namba ya mali,
iingizwe orodhani, isiguswe
mpaka atakayeirithi ajulikane.
Kwenye fomu, safu ya "msimamizi" ilikuwa tupu.
Fomu ikazunguka meza nzima kama bakuli la mchango,
ikarudi tupu.
Bi Ardys akaniazima kalamu, akaandika jina lake.

Yaliyosemwa ni hayo.
Kwamba Tate ameinunulia feni mpya kwa pesa zake,
na kwamba siku za hundi hushuka ngazi
kuhakikisha kama bado inakohoa,
hayo hayamo.