Inchi Nne

Ketill amevipanga vitu sakafuni kwa mpangilio wake,
si kwa bei wala kwa ukubwa,
bali kwa kelele vitakazopiga vikichakaa:
springi za koili, nne, za njano,
shokapu ndefu za gesi,
bushi za mpira, bushi za plastiki ngumu,
mkono wa kuirudisha ekseli mahali pake,
na mipira mipya ya breki,
maana gari likirefuka miguu
na mishipa nayo hurefushwa.

"Inchi ngapi?" ananiuliza,
kama fundi cherehani mbele ya suruali.

Nje ya gereji, Septemba imeshapaka vilele chokaa.
Kondoo wetu mia mbili na kumi na tatu bado wako huko juu,
ng'ambo ya mto usio na daraja,
mto utokao chini ya barafu, rangi ya saruji,
ambao jana ulikulowesha tairi tu
na leo unaingia mlangoni bila hodi.

Mto unasema inchi sita.
Mfuko wangu unasema mbili.
Bergsveinn wa shamba la juu, mwenye tairi za kumfika mtu kifuani,
anasema nane, na fenda uzikate, unaogopa nini?
Goti la mama linasema sifuri.

Mama ana miaka sabini na tisa
na tangu ana tisa hajakosa siku ya kuwashusha kondoo.
Mwaka jana tulimnyanyua kumwingiza garini, mimi na binamu,
kama gunia la chumvi.
Hakunisemesha mpaka usiku.

Naokota kispesa cha bei nafuu.
Ketill anacheka. "Hicho ni kisigino.
Kisigino hakimrefushi mtu. Springi itabaki ile ile, imechoka vile vile,
ila sasa itachokea juu."
Halafu, akijipangusa grisi:
"Ukizidisha, propela itakaa upande, itatetemeka,
usukani utatangatanga kama mlevi aliyekatazwa kulala,
na kwenye mteremko wa mawe ya volkano
gari litakumbuka kwamba nalo linaweza kulala."

Nashika shokapu. Baridi. Nalikandamiza kwa uzito wangu wote.
Linarudi taratibu,
kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.

"Ngumu au laini?"
Ngumu hubeba nusu tani bila kuinama,
lakini jiwe litakalopita chini ya tairi
litapita pia ndani ya goti.
"Laini," nasema.
"Laini hulalia kona."
"Tutakwenda polepole."
"Hujawahi," anasema Ketill.

Nampigia mama simu. Anauliza bei.
Namtajia. Kimya; nasikia birika.
Kisha beti, maana watu wa bonde letu
mambo mazito huyajibu kwa vina,
baridi iliwafungia ndani karne nyingi, wangefanya nini kingine:

*Pandisha gari, mwanangu,*
*usilipime kwa langu*
*goti; nina ngazi yangu:*
*kigoda cha kukamua.*

Ketill amesikia. Anachukua futi, anahesabu kwa midomo.
"Inchi nne," anasema. "Laini. Na mipira ya breki usiniachie."
Anavuta jeki.

Nilirudi nyumbani saa tano usiku,
nikiwa juu kidogo kuliko nilivyoondoka,
taa zikimulika vitu ambavyo sikuwahi kuviona juu ya ukuta wa zizi.
Kigoda kilikuwa kibarazani.
Ng'ombe wa mwisho tulimuuza nikiwa shuleni,
lakini mbao bado ina bonde
la makalio ya watu watatu, wawili wao makaburini.
Kwenye mguu mmoja mama alikuwa amefunga kamba ya kondoo,
mita mbili hivi, yenye kitanzi,
ili akishapanda na kuketi
akivute mwenyewe.